Msamiati wa Tembo la Matunda: Kutoka Tufaha hadi Bibo

Miongoni mwa maswali yanayoletwa mezani petu na wafasiri, yale yaonekanayo madogo ndiyo aghalabu yanayotuchukulia muda mrefu zaidi. Hivi karibuni tuliletewa mswada wa kijitabu kilichofasiriwa kutoka Kiingereza, kinachoeleza jinsi mtu awezavyo kutengeneza nyumbani kinywaji cha tufaha ambacho Waingereza hukiita 'cider'. Mfasiri alikusudia kijitabu hicho kiwafae watu wa Mkoa wa Pwani, hususan wa Zegereni na sehemu nyingine za Kibaha na Kisarawe, ambao kila msimu wa korosho huona mabibo mengi yakioza chini ya mikorosho. Kusudi lake lilikuwa jema, kwani kazi ya kukamua tufaha na kazi ya kukamua bibo hazipishani sana.

Lakini katika kurasa chache za mswada huo tulikuta neno 'kuchacha' likitumika kwa maana tatu mbalimbali, na neno 'kufunga' kwa maana mbili. Kinywaji chenyewe kiliitwa 'sharubati' mwanzoni, 'mvinyo' katikati na 'gongo' mwishoni. Msomaji ambaye angeyafuata maelezo hayo neno kwa neno angeweza kumwaga kinywaji kizuri akidhani kimeharibika, au kupasukiwa na chupa mkononi, au kujikuta akiulizwa na polisi. Katika makala haya tutajaribu kueleza hatua za kazi hii moja baada ya nyingine, na katika kila hatua tutaonyesha neno ambalo twaona linafaa na sababu ya kulichagua.

1. Asili ya neno

Yafaa tuanze na neno lenyewe la kigeni. Waingereza walilipata kwa Wafaransa, nao Wafaransa walilipata katika Kilatini, ambacho kililichukua kutoka Kigiriki 'sikera'. Wagiriki nao walilipokea kutoka Kiebrania 'shekhar', yaani kinywaji kinacholevya ambacho si divai. Shina hilo la Kiebrania ni ndugu wa shina la Kiarabu lililotupatia neno 'sakarani', yaani mlevi. Kwa hiyo neno ambalo mfasiri wetu aliliona geni kabisa lina jamaa yake katika Kiswahili tangu zamani.

Neno hilo la Kigiriki limo katika sura ya kwanza ya Injili ya Luka. Wafasiri wa Biblia ya Kiingereza wa mwishoni mwa karne ya 14, wafuasi wa John Wycliffe, waliliandika kwa neno lilelile ambalo leo ni jina la kinywaji cha tufaha. Wafasiri wa Biblia ya Kiswahili ya Union Version walichagua neno 'kileo'. Hao wa pili ndio walioshika maana, kwa sababu neno la asili halikutaja tunda lolote, bali lilitaja ulevi.

Hata leo neno hilo halina maana moja. Uingereza, ni kinywaji chenye kileo. Marekani, neno hilo likiandikwa peke yake, kwa kawaida ni maji ya tufaha yasiyochujwa sana na yasiyolevya; wakitaka kutaja kile kinacholevya huongeza neno lenye maana ya 'kali'. Mfasiri hana budi kwanza aulize maandishi yake yametoka nchi gani. Katika mkoa ambao wakazi wake wengi ni Waislamu, kuandika 'sharubati' mahali pa kileo ni kumdanganya msomaji juu ya jambo ambalo ana haki ya kulijua kabla hajatia kitu kinywani.

2. Tufaha, tofaa na bibo

Jina la tunda nalo lataka uangalifu. Tufaha la kijitabu kile ni tunda la nchi za baridi. Hapa kwetu hustawi katika nyanda za juu, kama vile Lushoto na Njombe, na mengi tunayoyaona sokoni Dar es Salaam hutoka Afrika Kusini. Lakini Unguja 'tofaa' ni tunda jingine kabisa: ni tunda la pwani, jekundu, laini, lenye maji mengi, ambalo halina undugu na tufaha la baridi. Kwa kuwa maneno haya mawili hukaribiana mno katika matamshi, na watu wengine huyaandika kwa namna moja, tunashauri 'tufaha' litumike kwa tunda la nchi za baridi na 'tofaa' liachwe kwa lile la visiwani.

Bibo, au kanju kama wasemavyo wengine, ni sehemu ile nene na laini ya tunda la mkorosho, ambayo korosho huning'inia chini yake. Mkorosho uliletwa na Wareno kutoka Brazili katika karne ya 16, na jina 'kanju' linatokana na Kireno 'caju', ambalo nalo lilitoka katika lugha ya Watupi wa Brazili. Uzito wa bibo huwa mara nyingi kuliko uzito wa korosho yake, aghalabu mara tano hadi kumi. Katika msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Msomaji aweza kujipigia hesabu mwenyewe ni mabibo kiasi gani yalibaki chini ya miti mwaka ule. Ni tunda lenye vitamini C nyingi kuliko chungwa, lakini likianguka halikai. Kesho yake limeanza kuoza. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, Mtwara, wamekwisha kuonyesha kwamba maji yake yaweza kufanywa juisi, jemu na mvinyo. Kinachobaki ni kuwafikishia wakulima maarifa hayo kwa maneno yanayoeleweka.

3. Kukamua na kuondoa ukakasi

Kazi huanza kwa kuokota mabibo mazima ya siku ileile, kuyanyonyoa korosho bila kupasua maganda yake, kwa maana mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, kisha kuyaosha na kuyaponda. Yaliyopondwa hukamuliwa. Hapo mfasiri wetu alitumia neno 'makapi' kwa kile kilichobaki baada ya kukamua, na akalitumia tena baadaye kwa kile kinachotuama chini ya chombo. Kiswahili hakina upungufu hapa. Kinachobaki baada ya kukamua ni 'machicha', kama machicha ya nazi. Kinachotuama chini ni 'mashapo'. 'Makapi' na yaachwe kwa nafaka.

Bibo lina sifa ambayo kila mtoto wa Pwani anaijua: hukaza ulimi na kukwaruza koo. Jambo hili husababishwa na kemikali zinazoitwa tanini, ambazo zimo pia katika chai na katika baadhi ya matufaha ya Uingereza na Ufaransa yanayopandwa makusudi kwa kinywaji hiki. Mfasiri aliandika 'uchungu', lakini uchungu ni wa shubiri na mwarobaini. Neno lililo sawa ni 'ukakasi'. Kosa hili si dogo, kwa sababu uchungu na ukakasi haviondolewi kwa njia moja. Ukakasi wa bibo hupunguzwa kwa kutia maji mazito ya wali katika maji yaliyokamuliwa, kukoroga na kuacha yatulie. Wanga wa mchele hushikana na tanini na kuzama nazo chini. Kisha maji maangavu yaliyo juu huchujwa kwa kitambaa safi.

4. Kuchachuka si kuchacha

Sasa twafika kwenye kiini cha kazi. Maji yaliyochujwa hutiwa hamira. Hamira ni viumbe hai vidogo mno, jambo ambalo mwanasayansi Mfaransa Louis Pasteur alilithibitisha katika miaka ya 1850 na 1860. Viumbe hivyo hula sukari iliyomo katika maji na kutoa vitu viwili: alkoholi na hewa ya ukaa. Kwa kadiri, kila gramu 17 za sukari katika lita moja huzaa asilimia moja ya alkoholi. Maji ya mabibo yenye gramu 100 za sukari katika lita moja yatatoa basi kinywaji chenye takriban asilimia 6, sawa na kile cha tufaha ambacho kwa kawaida huwa na asilimia 4 hadi 7. Hamira ya mkate yaweza kutumika, ingawa ile iliyokusudiwa mvinyo huacha ladha safi zaidi.

Mfasiri aliandika: 'Acha maji yachache kwa wiki mbili.' Kisha akaandika: 'Hakikisha maji hayachachi.' Katika sentensi ya kwanza alikusudia kazi ya hamira. Katika ya pili alikusudia kuharibika. Tulilipeleka swali hili Zegereni, kwa bibi mmoja ambaye alikuwa akianika korosho uani kwake. Baada ya kumwamkia na kuitikiwa, tulimwuliza kama tembo huchacha.

'Wali ndio unaochacha, wanangu,' alijibu. 'Tembo huanza tamu, likawa kali, halafu likawa siki. Mimi silinywi, lakini siki yake naitumia kila siku.'

Katika maneno hayo machache twaona hatua tatu ambazo kijitabu kizima kilishindwa kuzitenganisha. Tembo la mnazi likigemwa asubuhi huwa tamu. Jioni hamira zimekwisha kulifanya kali. Likiachwa wazi siku kadhaa, viumbe vya aina nyingine, ambavyo huhitaji hewa, huigeuza alkoholi kuwa asidi, likawa siki. Tunapendekeza basi kwamba kazi ya hamira iitwe 'kuchachuka', na kitendo cha mtu anayeisababisha kiitwe 'kuchachusha', jina lake 'uchachushaji'. Neno 'kuchacha' libaki na maana yake ya jikoni, yaani kuharibika kwa kuwa kichachu. Kugeuka kwa kileo kuwa siki kuitwe waziwazi 'kugeuka siki', wala kusihesabiwe kuwa ni hasara: kwa nyumba isiyotumia kileo, hiyo ndiyo faida ya kazi yote.

Hapo pia kuna jambo la hali ya hewa. Kijitabu cha Kiingereza kilisema chombo kiwekwe mahali penye joto, na mfasiri akafuata. Lakini aliyeandika vile aliogopa baridi ya Oktoba ya Uingereza. Kibaha wakati wa msimu wa korosho joto la mchana hupita nyuzi 30 bila shida, hali hamira za kinywaji hiki hupenda nyuzi 15 hadi 20. Msomaji wa Zegereni aambiwe aweke chombo mahali penye ubaridi, kivulini, ikiwezekana ndani ya beseni la maji. Kufasiri neno sawasawa huku maana ikipinduka ni kosa lilelile.

5. Kufunika si kuziba

Maneno 'funga chombo' yalikuwa mahali pawili katika mswada. Mahali pa kwanza maji yalikuwa bado yanatoa povu. Mahali pa pili yalikuwa yamekwisha kutulia. Chombo kinachotoa hewa ya ukaa kikizibwa, hewa hiyo haina pa kutokea, na chupa ya kioo itapasuka kwa nguvu inayoweza kumpofusha mtu. Kwa hiyo katika hatua ya kwanza chombo 'hufunikwa', na katika hatua ya mwisho chupa 'huzibwa' kwa kizibo. Wafasiri wasiyachanganye maneno haya mawili, na 'kufunga' lisitumike kabisa katika maelezo ya namna hii.

Wenye kufanya kazi hii kwa uangalifu hutumia kidude kidogo chenye maji, ambacho huruhusu hewa ya ndani kutoka na kuzuia ya nje kuingia. Mtu aweza kujitengenezea kwa kupitisha mpira mwembamba katika kifuniko na kutumbukiza ncha yake katika kikombe cha maji. Mfasiri alikiita 'kufuli ya hewa', akifuata Kiingereza. Lakini kufuli haifunguki yenyewe. Tunapendekeza 'kipumulio', kutokana na kitenzi 'pumua', kwa kuwa ndipo chombo kinapopumulia. Neno hili laonyesha kazi ya kifaa, na lakaa vizuri pamoja na kifuniko na kizibo.

Povu likikoma na maji yakianza kuwa maangavu, hayo ya juu huhamishwa kwa mpira hadi chombo kingine, na mashapo huachwa. Anayetaka kinywaji chenye kutoa povu hutia sukari kidogo tu, kama gramu 5 kwa lita moja, kisha huziba chupa zilizo imara. Akizidisha sukari hiyo, tumerudi kwenye hatari ile ile ya kupasuka.

6. Kuchachusha si kukeneka

Kosa lililotutia wasiwasi zaidi lilikuwa katika ukurasa wa mwisho, ambapo kinywaji kiliitwa 'gongo la mabibo'. Gongo halipatikani kwa kuchachusha tu. Hupatikana kwa kuchemsha kile kilichokwisha kuchachuka, kunasa mvuke wake na kuupoza hadi utone. Kitendo hicho ni 'kukeneka', nacho huifanya alkoholi kuwa kali mara nyingi zaidi. Gongo likikenekwa bila ujuzi, au likichanganywa na vitu visivyonyweka, laweza kuwa na methanoli, ambayo hupofusha na kuua.

Tofauti hii imo pia katika sheria. Tanzania Bara ina sheria ya mwaka 1966 inayokataza kutengeneza 'moshi', yaani kileo kilichokenekwa, bila leseni. Ni jambo la kuvutia kwamba waandishi wa sheria ile, waliokuwa wakiandika kwa Kiingereza, hawakuona neno la kuwafaa wakalitwaa la Kiswahili. Uuzaji wa vileo kwa jumla una sheria yake ya mwaka 1968, na anayetaka kuviuza huomba leseni. Kwa hiyo anayeita kinywaji kilichochachushwa kwa jina la gongo amemhamisha msomaji wake kutoka sheria moja hadi nyingine kwa kalamu tu. Kadhalika, mtumishi wa serikali anayeandika 'pombe ya kienyeji' katika taarifa bila kusema kama imekenekwa au la, ameacha jambo ambalo hakimu na daktari wote wawili watalihitaji.

7. Kinywaji kiitweje?

Yabaki swali la jina. Njia ya kwanza ni kukopa. Tukifuata maandishi tutapata 'sida'; lakini katika Kongo ya Mashariki, Rwanda na Burundi 'sida' ni jina la UKIMWI, na wala hapana mtu ambaye angependa kulisoma katika kibandiko cha chupa. Tukifuata matamshi ya Kiingereza tutapata 'saida', nalo ni jina la dada na shangazi zetu wengi. Kukopa basi hakutufai, na si kwa sababu ya chuki dhidi ya maneno ya kigeni, bali kwa sababu nafasi zimekwisha kukaliwa.

Njia ya pili ni 'mvinyo wa tufaha'. Neno 'mvinyo' limetoka kwa Wareno, na kamusi za zamani zalieleza kuwa ni kileo kikali. Leo kwa wengi ni kinywaji cha zabibu chenye alkoholi maradufu ya hiki chetu. Mfasiri akilitumia atakuwa ametaja nguvu isiyokuwapo. Njia ya tatu ni 'pombe ya tufaha', ambayo watu wengi huisema. Lakini pombe, kwa matumizi yake ya asili, ni ya nafaka iliyopikwa, kama mtama na ulezi.

Sisi twaelekea njia ya nne, yaani 'tembo'. Tembo ni maji matamu ya mmea yaliyochachuka bila kupikwa wala kukenekwa, na nguvu yake yakaribiana na ya kinywaji hiki. Wenyeji wa mwambao husema 'tembo la mnazi'. Si vigumu kusema 'tembo la tufaha' na 'tembo la mabibo'. Wako watakaosema kwamba wanafunzi watacheka wakimkumbuka ndovu. Twawajibu kwamba wanafunzi haohao hujifunza methali ya mgema asifiwaye bila kudhani kwamba alimtia maji mnyama. Kusini, katika Mtwara na Lindi, lipo neno 'uraka' kwa tembo la mabibo. Litumike huko bila wasiwasi, ila mfasiri akumbuke kwamba Goa, nchini India, neno linalofanana nalo ni la kinywaji kilichokenekwa.

8. Mapendekezo

Kwa muhtasari tunapendekeza maneno yafuatayo. 'Maji ya tufaha' au 'juisi ya tufaha' kwa kile kisicholevya. 'Tembo la tufaha' kwa kile kilichochachuka. 'Siki ya tufaha' kwa kile kilichogeuka. 'Machicha' kwa mabaki ya kukamua na 'mashapo' kwa yale yaliyotuama. 'Ukakasi' kwa ladha ya tanini. 'Kuchachuka' na 'kuchachusha' kwa kazi ya hamira, 'kuchacha' kwa kuharibika, 'kukeneka' kwa kutonesha mvuke. 'Kufunika', 'kipumulio' na 'kuziba', kila kimoja mahali pake.

Katika orodha hii ni neno moja tu, 'kipumulio', tulilolibuni. Mengine yote yalikuwapo jikoni, shambani na katika kamusi, yakingoja kutumwa kila moja kazi yake. Mswada ule tumemrudishia mfasiri, naye ameanza kuuandika upya.

Maneno haya ni mapendekezo, hayajawa sanifu. Tunawaomba wafasiri, walimu na watumishi wa serikali, hasa walio karibu na wagema na wakulima wa korosho, watuandikie kama kwao kuna maneno yaliyo bora kuliko haya. Kwa upande wa kipumulio tutafurahi zaidi kusikia kwamba mtu fulani mahali fulani alikwisha kukipa jina kabla yetu.